Saa ya Jambia: Uso Usiuoshe, Urithi Usiuharakishe



Sisi ni ndugu wawili, mtu na mdogo wake. Tuna duka la kushona hapa Ipililo, mkoani Simiyu, nchi ya pamba, mbali na bahari yenu. Tunashona magauni ya harusi, kanzu za bwana harusi na sare za ndugu. Kila msimu wateja hutuuliza: bwana harusi apewe zawadi gani? Wengi huishia kwenye saa. Basi leo tuzungumze saa, tena zile za zamani zenye uso usio wa kawaida, maana moja imeachwa urithi nyumbani kwetu na imetufunza mengi.

Uso wa saa ni lile bamba lenye tarakimu ambalo mishale huzunguka juu yake. Saa mbili za kiwanda kimoja, zenye mashine ileile, zinaweza kupishana bei mno kwa sababu ya uso tu. Wakusanyaji hutafuta nyuso za mawe kama malakiti, nyuso za tarakimu za Kiarabu, na nyuso zenye nembo. Katika hizo za nembo, iliyo karibu zaidi nasi ni ya Oman.

Sultani Qaboos bin Said alishika utawala Julai 1970. Katika miaka ile ziliagizwa saa za Uswisi, zikiwemo Rolex zilizopitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya nchi yake usoni: jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Zilikuwa zawadi kwa maafisa, askari na wageni wa heshima. Sultani alifariki Januari 2020, Mungu amrehemu. Leo saa hizo hugombaniwa kwenye minada ya Ulaya, na nembo ile ndiyo inayopandisha bei.

Mnajua pia kwamba Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walitoka visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, na baada ya 1970 wengi walipokelewa Muscat wakapata kazi. Ami yetu alikuwa mmoja wao. Baba alikuwa keshahamia huku bara kufanya biashara. Ami alipokuja kumtembelea, alivua saa yake ya jambia akamvisha. Kiwanda chake hatukitaji hapa, maana hata mwizi anajua kusoma.

Baba amefariki mwaka jana. Ametuacha sisi wawili, mama na kaka yetu. Kaka alikuwa amechumbia, mahari hayajatimia, na harusi imekaribia. Akasema saa iuzwe. Fundi saa mmoja mjini akatupa laki sita papo hapo. Akaongeza kwamba uso umechakaa, weupe umekuwa kama chai ya maziwa, na tukitaka atatubadilishia uso mpya kwa elfu hamsini, ing'ae kama ya dukani.

Hapo ufundi wetu ulitusaidia. Sisi ni washonaji. Mtu akituletea kofia ya vito ya babu yake, hatuitii dawa ya kuondoa madoa wala hatufumui uzi wa zamani kutia mpya. Ule uzi ndio kofia. Tukamjibu fundi kwamba uso hauguswi na saa haiuzwi siku ile.

Kisha tukakaa kama familia, mbele ya shekhe wetu. Saa haikatwi vipande, lakini thamani yake hugawanywa. Katika hali yetu, thamani ikigawanywa mafungu 32, mama ana 4, kaka ana 14, na sisi 7 kila mmoja. Kwa hiyo hakuna mmoja wetu anayeweza kuiuza peke yake, na bei ya haraka ingemdhulumu kila mrithi, kaka akiwa wa kwanza. Tukaandika karatasi, tukaweka mashahidi, saa ikabaki kwa mama.

Aliyefungua fundo ni wifi yetu mtarajiwa. Mahari ni haki yake, hakuna wa kumlazimisha. Kwa hiari yake alisema apewe nusu siku ya nikaha, na nusu ibaki deni kwa mume, liandikwe. "Msiuze cha marehemu kwa pupa kwa ajili yangu," alisema. Wallahi tulimpenda zaidi. Siku ya nikaha kaka aliivaa kwa ridhaa yetu sote. Ni ya chuma cha pua. Ingekuwa ya dhahabu isingemhalalikia mwanamume kuivaa, na hilo, bibi harusi, liulize dukani kabla hujamnunulia wako.

Thamani yake kamili bado tunaitafuta, kupitia jamaa walioko Muscat. Wametuonya kwamba kuna matapeli wanaochapa jambia kwenye saa za kawaida, hivyo saa bila ushahidi hutiliwa shaka. Sisi tunayo picha ya ami, saa ikiwa mkononi. Picha ile tumeitunza kama saa yenyewe. Nanyi mkiwa na saa ya mzee, tafuteni risiti, kasha lake, barua, picha.

Sasa utunzaji. Usiifungue mwenyewe, wala usikwangue ile rangi inayong'aa gizani. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, ambayo ina mionzi. Wasichana wa viwandani Marekani, waliozipaka miaka ya 1920 huku wakichonga ncha ya brashi kwa midomo, waliugua na wengine wakafa.

Usiitie mafuta ya cherehani. Iweke mbali na sumaku, hata ile ndogo tunayookotea pini, kwa sababu saa ya mashine ikishika sumaku huenda mbio. Huku kwetu adui ni vumbi, huko kwenu ni unyevu na chumvi. Dawa ni kitambaa laini cha pamba, kasha linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Marashi na udi vitangulie, saa ivaliwe mwisho. Ukimpelekea fundi, mwambie wazi: safisha mashine, uso uache, na kesi usiipige msasa. Kila kitu kilichotolewa ndani akurudishie.

Kabla ya harusi, dada, tazameni kabati za wazee wenu. Huenda kuna saa imelala, ya jambia au ya kawaida tu. Ulizeni ilitoka kwa nani, andikeni, na kama mwenyewe ametangulia mbele ya haki, ihesabiwe katika mirathi kabla haijavaliwa na yeyote.

Mungu awarehemu wazee wetu, na azibariki ndoa zenu. Amin.