Kiti cha Nyuma

Kaka yangu anaendesha bodaboda mwaka wa tisa sasa, pale Mombo, kwenye kijiwe kilicho karibu na njia panda ya kwenda Lushoto. Barabara ile ya lami inayopanda Usambara, kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, anaijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Lakini mpaka Juni mwaka jana hakuwa amewahi kuipanda bila mtu au mzigo nyuma yake.

Safari tuliipanga sisi, wanafunzi watano wa uzamili tuliokuwa Korogwe kukusanya data, kila mmoja na pikipiki ya kukodi ya kuzungukia vijijini. Jumamosi hatukuwa na mahojiano. Mmoja wetu akasema twende Lushoto tukale mchana, jioni turudi. Nikampigia kaka.

"Kuna abiria wangapi?" akauliza.

"Hakuna, kaka. Tunakwenda kula tu."

Akanyamaza kidogo. "Kula tu? Kwani Mombo hakuna chakula?"

Hakuwa anatania. Miaka minne ya mwanzo pikipiki haikuwa yake. Kila jioni alipeleka hesabu kwa bosi, shilingi 8,000, iwe mvua iwe jua, na kilichobaki ndicho kilichokuwa kodi, unga, na mara nyingi ada yangu. Mkataba ulipokwisha na pikipiki ikawa mali yake, bosi aliondoka lakini hesabu ilibaki kichwani. Lita ya mafuta ikitoka lazima irudi na pesa. Kupanda hadi Lushoto na kiti kitupu, kwake, ni kama mwenye duka kufungua milango asubuhi ili apigwe na upepo.

Alikuja, hata hivyo. Alivaa reflekta yake ya kazini, na kwenye usukani alikuwa ametundika kofia ngumu ya pili, ya abiria. Sikumuuliza.

Mombo ni joto la tambarare. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni baridi yake haina mzaha. Katikati ya hapo mwili unapitia majira mawili ndani ya saa moja. Kaka alitangulia. Kila kabla ya kona kali alipiga honi mara mbili, kisha akatuonyesha kwa mkono wa kushoto tukae pembeni, kwa sababu Fuso zinazoshuka na kabichi za sokoni huwa zinachukua barabara yote. Ndivyo alivyonifundisha nikiwa kidato cha tatu, kwenye uwanja wa shule: sikia kona kabla hujaiona. Vijana wa Soni walinipigia miluzi walipoona ni mwanamke aliyeshika usukani. Yeye hakugeuka.

Soni kuna maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara. Pale alisimama ghafla, akazima injini. Tulidhani pikipiki imeharibika. Alikuwa anatazama maji.

"Miaka yote nayasikia tu," alisema. "Ukiwa na abiria huwezi kusimama. Ana haraka."

Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga, na hakuna aliyelalamika.

Lushoto tulikula ugali, nyama ya mbuzi na njegere kwenye mgahawa wa jirani na soko. Wakati wa ukoloni Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na walipanda huku kukimbia joto la chini, jambo lililonichekesha kidogo, maana hata sisi hatukuwa na sababu kubwa zaidi ya hiyo. Mwenzetu mmoja anaandika tasnifu kuhusu usafiri. Akaanza kueleza kanuni za 2010 zilizoweka leseni kwa pikipiki za abiria, akaendelea hadi sekta isiyo rasmi. Kaka alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa mkoa mwingine.

"Hiyo sekta ina watu wengi?" akauliza.

"Wengi sana, kaka."

"Na mchana wanakula saa ngapi?"

Tulicheka wote, mwenye tasnifu zaidi yetu. Kisha akatoa daftari, akaandika lile swali.

Tulichanga kulipa. Nilitaka kumlipia kaka, akaniwahi kuweka noti yake mezani, na uso wake ukanizuia kubishana.

Wakati wa kurudi, baada ya Soni, mzee mmoja mwenye kifurushi cha karoti alinyoosha mkono. Pikipiki tano zikampita. Ya kaka ilisimama. Nilimwona kwenye kioo akimfunga yule mzee mkanda wa kofia ya pili chini ya kidevu, taratibu, kama anayemvalisha mtoto. Baadaye wakatupita sote, honi mbili kila kona, gia ya chini, karoti zikichezacheza katikati yao.

Mombo mzee alishuka, akatoa pesa iliyokunjwa. Kaka alipandisha mkono kukataa. Mkono ukakaa hewani kidogo, kisha akaipokea.

"Ya mafuta," aliniambia, ingawa sikuwa nimeuliza.