Kalamu ya Rafiki Yangu

Zamani seminarini niliazima kalamu ya wino ya rafiki yangu. Ikaanguka, ncha yake ikapindika. Nikaifunika, nikamrudishia, nikanyamaza.

Miaka ishirini ikapita. Mwaka jana nilikwenda London kumtembelea. Yeye hukusanya kalamu za zamani. Tukaenda na wenzetu wawili wa seminari kwenye maonyesho ya kalamu. Tulicheka sana njiani.

Mezani akatueleza: “Tazameni, chini ya ncha mna vijifereji vyembamba. Wino ukishuka, hewa hupanda kushika nafasi yake; ndiyo maana wino haumwagiki. Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipewa hati ya kalamu ya namna hii.”

Karibu nasi fundi alikuwa akinyosha ncha iliyopindika, polepole, kwa vidole. Moyo wangu ukanisuta.

“Ndugu,” nikasema, “ni mimi niliyeharibu kalamu yako.”

Akanishika mkono. “Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nikingoja uniambie.”

Watoto, ncha iliyopindika hunyoshwa. Lakini mimi nilichelewa miaka ishirini. Ninyi semeni kweli leo.