Kuhifadhi na Kusahau kwa Wasomao Udaktari

Mji wetu wa Mwanza umepata neema ambayo wazee wetu hawakuijua. Katika mwaka 2003 kilianzishwa chuo cha udaktari juu ya kilima cha Bugando, penye hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971, na tangu hapo kijana wa kando ya Ziwa halazimiki kwenda Dar es Salaam ili awe daktari. Masomo yenyewe ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Wazazi huijua hesabu ya ada. Lakini wachache huuliza mtoto anasoma namna gani, nasi twaona hilo ndilo la kuulizwa kwanza.

Tumekuja kulisema jambo hili kwa sababu ya mzazi mmoja auzaye dagaa Mwaloni, Kirumba. Binti yake, aliyehifadhi juzuu kumi katika madrasa yetu, yu mwaka wa pili wa udaktari. Hulala saa nane za usiku, kitabu kifuani, na juu ya hayo ameanguka katika masomo mawili. Mwezi wa Septemba atafanya mtihani wa marudio. Baba aliuza mashine ya mtumbwi kwa ajili ya ada. Jamaa wamekwisha kumwambia kwamba mtoto ametupiwa jicho, na kwamba ni heri arudi nyumbani aolewe. Naye akatujia kuuliza: kichwa kilichobeba juzuu kumi, imekuwaje kishindwe leo?

Tulimwita binti, tukamwomba atuonyeshe asomavyo. Alikuwa na daftari zuri, limepigwa mistari ya manjano kila ukurasa. Hulisoma mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Tukamwuliza, “Mwanangu, nani hukusikiliza?” Akanyamaza. Basi hapo jibu likawa wazi kwetu, sisi ambao elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Kuhifadhi Kurani hakukuwa kwa kutazama msahafu. Zamani mtoto aliandika somo ubaoni, akalisoma, kisha ubao ukaoshwa. Kilichobaki ni kile alichoweza kukitoa kifuani mbele ya mwalimu. Kesho alipata somo jipya, lakini la jana halikuachwa, na la mwezi uliopita lilikuwa na siku yake ya muraja’a. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwisha kuonya kwamba Kurani humponyoka mtu upesi kuliko ngamia aponyokavyo kamba yake. Sisi wa Ziwa hatufugi ngamia, ila kila mvuvi ajua habari za mtumbwi usiofungwa.

Wataalamu wa leo wamefika hapo hapo kwa njia yao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika mwaka 1885 jinsi mtu asahauvyo upesi siku za mwanzo. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma: wengine waliirudia kuisoma, wengine walijaribiwa waiseme. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja walikumbuka 42 kwa mia, na waliojaribiwa 56 kwa mia. Huo ndio udanganyifu wa daftari la manjano: humridhisha msomaji usiku ule ule.

Kwa hiyo tulimshauri atengeneze kadi. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Ajibu kwanza kwa sauti, ndipo ageuze. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alieleza katika miaka ya 1970 mpango wa visanduku: kadi uliyoipata husogea kwenye kisanduku kiangaliwacho kwa nadra, uliyoikosa hurudi cha kwanza, kitazamwacho kila siku. Wenye simu wanayo programu iitwayo Anki, iliyoanza mwaka 2006, nayo huyapanga hayo yenyewe. Katika simu za Android na katika kompyuta haina bei, na kadi zikiisha kuingia hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Kadi moja iwe na jambo moja. Konokono gani hubeba kichocho cha utumbo katika Ziwa hili? Biomphalaria. Badiliko gani katika hemoglobini huleta selimundu? Nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imekuwa valini. Mwenye kujaza ukurasa mzima katika kadi moja amehamisha daftari tu.

Iko mikusanyo ya kadi iliyokwisha kutengenezwa na Wamarekani, mmoja una zaidi ya kadi 25,000. Hatuwakatazi vijana kuichukua, lakini iliundwa kwa mitihani ya Marekani. Atakayetibu Ukerewe au Sengerema ahitaji pia kadi zake mwenyewe, zitokazo kwa walimu wake na katika mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya yetu. Na kwa majarida ya utaalamu aulize maktaba ya chuo chake juu ya HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili vyuo vya nchi zisizo tajiri visome bure au kwa bei nafuu.

Wako wanaosema kadi humfanya mtu kasuku. Neno lao lina ukweli. Asomaye Kurani bila kujua maana bado ana thawabu ya kusoma. Mgonjwa hapati kitu kwa daktari akaririye asichokielewa. Ndiyo sababu kadi huja baada ya kufahamu, na ajabu ya kadi ni kwamba asiyefahamu huumbuka upesi: hawezi hata kuliandika swali.

Mzazi naye asidhani kwamba hana kazi kwa kuwa hajui Kiingereza cha vitabu. Mama aweza kushika kadi na kuuliza. Mtoto ayaeleze kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, mpaka mama aelewe ni kwa nini mguu wa mtoto mwenye selimundu huuma. Akikwama, kadi hiyo irudi kisanduku cha kwanza. Nusu saa baada ya Isha yatosha kwa kazi hiyo, na taa izimwe mapema, kwani usingizi nao huimarisha kilichohifadhiwa.