Mwalimu Wetu wa Kwaya

Habari hii tunaiandika tukiona aibu kidogo.

Sisi ni waimbaji wa sauti ya pili katika kwaya moja hapa Kibaha. Mwalimu wetu ni mama mjane anayeishi Kisarawe. Kila Jumamosi alikuwa akipanda daladala hadi Gongo la Mboto, kisha jingine na jingine, mpaka anashuka Maili Moja. Ametufundisha miaka mingi. Lakini ilifika wakati akawa anaruka mistari, anapoteza mahali tulipofikia, anakohoa ili sauti ya kwanza ianze bila yeye. Tukasema uzee umemwingia. Tukaanza kutafuta mwalimu mwingine kwa siri, tukinong'ona baada ya ibada kama watu wanaopanga arusi.

Siku moja mwenzetu alimkuta akipapasa ngazi za kanisa kwa mguu. Hapo ndipo aliposema, "Wanangu, sioni vizuri. Nina presha ya macho." Alikuwa ameficha zaidi ya mwaka, kwa hofu ya kunyang'anywa kwaya, na kwaya ndiyo iliyomsimamisha tangu afiwe na mumewe.

Ugonjwa huo, glakoma, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na kwa kawaida huanza kula pembeni. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone husaidia kisizidi kupotea. Akiwapo mgonjwa katika ukoo, ndugu zake nao wapimwe, hasa wakifika miaka 40. Tulikwenda kupimwa sote. Mmoja wetu alikutwa nao.

Tulianza kwa kumtolea mwalimu nakala zenye maandishi makubwa. Tulidhani tumemaliza, kumbe tumemwongezea taabu! Macho yake yanaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Herufi zikiwa kubwa, anaona chache zaidi kwa mara moja.

Mtoto wa mmoja wetu, mwanafunzi, ndiye aliyeleta kompyuta yake. Ilikuwa na programu ya kuandikia muziki iitwayo MuseScore, inayotolewa bure, na nyingine iitwayo NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Hiyo nayo ni bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Ukibonyeza kitufe cha mshale, sauti inataja nota, urefu wake na mahali ilipo. Unaweza pia kunyamazisha sauti nyingine zote ukasikia ya pili peke yake. MuseScore hutoa hata nukta nundu. Louis Braille, aliyezitunga, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, na kitabu chake cha mwaka 1829 kilikuwa tayari na njia ya kuandika muziki.

Kazi ilikuwa kwenye sol-fa. Nyimbo zetu zote zimeandikwa kwa d, r, m, na programu hiyo imetengenezwa kwa nota za mistari mitano. (Waliotengeneza nadhani walikuwa na piano nyumbani.) Basi kijana alikaa jikoni jioni nyingi akihamisha nota mojamoja kutoka daftari la zamani la mwalimu, nasi tukimsomea herufi kwa zamu huku ugali ukipikwa. Mara ya kwanza kompyuta ilisoma maneno ya wimbo kwa ulimi wa Kiingereza, tukacheka hadi machozi. Baadaye kijana akaipata sauti ya Kiswahili.

Sasa mmoja wetu humfuata mwalimu Kisarawe kila Jumamosi. Siku ya kwanza aliyokaa mbele yetu na kidude cha sikioni, tuliimba kwa nguvu zote ili afurahi. Akainua mkono.

"Sauti ya pili, mstari wa tatu, nota ya pili ni so. Ninyi mnaimba la."

Tukabisha. Tukatoa nakala zetu zilizofifia, tukamwonyesha kijana: la hii hapa! Mwalimu akaagiza daftari lake lifunguliwe. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake, wino wa bluu, s. Tulikuwa tumeikosea Krismasi nane mfululizo.

"Tena," akasema. "Kuanzia mwanzo."