Sehemu ya 4: Matone ya wiki ya sita

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma, nikiwa zamu ya kliniki huku Karatu, alikuja mama kutoka upande wa Ngorongoro. Mtoto ana wiki tisa, chanjo za wiki ya sita hajapata. Mvua ilikuwa imeharibu njia; katembea mpaka barabarani, kasubiri gari. Badala ya kumwambia "pole na safari", nikamfokea mbele ya wenzake: "Kwani tarehe kwenye kadi hukuiona?" Mtoto akachanjwa, nikaandika arudi baada ya wiki nne. Hakurudi.

Tulimwona tena mtoto ana miezi saba. Anaharisha maji na kutapika siku ya tatu, utosi umebonyea, analia bila machozi. Nyumbani walisema anaota meno. Dripu usiku kucha, Mungu saidia akapona. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa rota, hatukupima. Ila najua dozi ya pili aliikosa kwa sababu ya mdomo wangu.

Sasa nisikilize. Rota ni kirusi. Kunawa mikono kwa sabuni ni lazima, lakini peke yake hakutoshi. Hata nyumba safi yenye bomba kinaingia. Ndiyo maana tangu 2013 Tanzania inatoa chanjo yake bure: matone ya mdomoni, wiki ya 6 na wiki ya 10. Hayazuii kila kuharisha. Yanapunguza sana kule kukali kunakomkausha mtoto maji.

Kwa hiyo hata aliyechanjwa akiharisha, mnyonyeshe zaidi, mpe ORS, na umlete kituoni apate zinki. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea au hanyonyi, usisubiri kuche. Meno hayamkaushi mtoto maji.

Umechelewa tarehe? Njoo hivyo hivyo, tutaangalia umri wake na kinachowezekana. Uko mbali, Endulen, Nainokanoka au Mang'ola? Muulize mhudumu wa afya wa kijiji siku ya huduma ya mkoba.

Na ukikutana na nesi mkali kama nilivyokuwa mimi, kasirika, una haki. Lakini tarehe ikifika, rudi. Mtoto asilipe deni la mdomo wetu.