Ramani ya Karatasi, Ramani ya Simu na Baiskeli

Mimi hushindana kwa baiskeli kwa kuupenda mchezo tu. Hakuna anilipaye, wala sijapata kushinda. Njia niipendayo ni ile ya kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33. Mombo ipo chini kwenye joto la tambarare, na Lushoto ipo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Usiku wa kuamkia mashindano huitandaza mezani ramani ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1, nikaifuata njia kwa kidole, kona baada ya kona. Pale kontua zinaposongamana najua nitapumua kwa taabu. Raha ya mchezo, kwangu, huanzia hapo mezani.

Mwaka juzi tulipanda watu wachache, na miongoni mwetu alikuwamo kijana niliyemfundisha chuoni. Wakati wa kurudi, mvua ikinyesha, aliiacha barabara kuu akashika njia ya vijijini peke yake. Huko akateleza, akavunjika mtulinga. Aliponipigia simu nilimwuliza, "Upo wapi, mwanangu?" Akajibu, "Mwalimu, naona kidoti cha buluu tu. Ramani haifunguki."

Simu hupokea mawimbi ya setilaiti hata pasipo intaneti, kwa hiyo kidoti kilikuwapo. Picha ya ramani ndiyo hakuwa ameihifadhi kabla ya safari. Nikamwuliza amevuka madaraja mangapi tangu Soni, na bonde lipo mkono gani. Hakujua. Tulimtafuta zaidi ya saa nzima.

Kijana huyo nilikuwa nimempa alama za juu katika somo la ramani. Alichora Afrika kwa rangi, mito yote mahali pake. Sikupata hata siku moja kumwuliza aonyeshe mahali aliposimama yeye mwenyewe.

Tangu hapo, niendapo na walimu wanafunzi kwenye mazoezi ya kufundisha, twaanza na gurudumu. Watoto hulipima kwa uzi. La baiskeli yangu ni mita 2 na sentimita 20. Hufunga kitambaa chekundu kwenye spoki, wakaisukuma baiskeli kutoka shuleni hadi zahanati wakihesabu mizunguko. Darasa la Tano moja lilihesabu 500, yaani mita 1,100. Kwenye skeli ya 1:10,000 ni sentimita 11. Kisha walitia korongo lijaalo wakati wa masika, na njia ya juu ipitikayo korongo likijaa. Juu ya njia hiyo walibishana sana, nami niliwaacha wabishane.

Simu niliitoa mwisho, ramani ikiwa imekwisha hifadhiwa humo. Ilitusahihisha: kona moja tulikuwa tumeinyoosha. Nasi tuliikuta na kosa, kwani haikuwa na kivuko cha magogo wapitacho watoto kila asubuhi.

Darasa la watoto 70 na baiskeli moja lina tabu yake. Wagawe makundi: wengine wasukume, wengine wahesabu, wengine waandike. Makundi mawili yahesabu mbalimbali, maana wahesabuji hupiga soga, na hesabu ya kundi moja haiaminiki.