Mama naye aliwahi kuwa msichana



Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hututania: Kisiwani gani hiyo isiyo na bahari? Ni kweli. Kisiwani yetu iko wilayani Same, chini ya milima ya Upare, upande unaotazama hifadhi ya Mkomazi. Bahari hatuna, na jumba la sinema pia hatuna. Lakini usiku wa hina wanawake tunakaa pamoja mpaka saa nane, na wakati hina inakauka mikononi, mtu huweka picha kwenye televisheni. Safari hii binti mmoja aliyetoka chuoni alituwekea picha ya zamani ya Kimarekani, American Graffiti.

Picha hii ya George Lucas ilitoka mwaka 1973, lakini inasimulia usiku mmoja tu wa mwaka 1962 katika mji wa Modesto, California, alikokulia mwenyewe Lucas. Vijana wamemaliza shule. Wanazunguka mjini na magari yao mpaka alfajiri, redio zote ziko kwenye stesheni moja, rock and roll za mwanzo mwanzo zinapigwa bila kukoma. Kesho yake mmoja ataondoka kwenda chuo, na utoto utakuwa umekwisha. Tangazo la picha hiyo lilimuuliza mtazamaji: wewe mwaka 1962 ulikuwa wapi?

Tuliipenda. Kisha yakaja maandishi ya mwisho, yanayoeleza yaliyowapata wale vijana baadaye. Mmoja aliuawa na dereva mlevi. Mwingine alipotea katika vita vya Vietnam. Wa tatu akawa wakala wa bima, wa nne mwandishi huko Kanada. Basi, picha ikaisha. Bibi mmoja aliyekuwa amejilaza mkekani, ambaye tulidhani amelala zamani, akauliza: "Na wale mabinti? Waliishia wapi?"

Hakuna anayejua. Laurie, Debbie na Carol walikuwemo magarini usiku kucha, lakini maandishi hayawataji. Na yule mwanamke wa gari jeupe, anayetafutwa picha nzima, haonekani ila kupitia kioo cha dirisha.

Swali la bibi lilitukaa moyoni, kwa sababu hata sisi tumewafanyia hivyo mama zetu. Ukikaa na wazee wa kiume utasikia ujana wao wote: nani alikuwa na pikipiki ya kwanza, nani alitoroka kwenda Tanga kusikiliza Jamhuri Jazz au Atomic Jazz. Hadithi ya mama huanza siku aliyoolewa.

Basi tukamrudishia bibi swali la lile tangazo. Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Gari lake lilikuwa lori lililobeba watu na mizigo siku ya gulio. Redio yake ilikuwa santuri ya mwenye duka, iliyopiga nyimbo za Daudi Kabaka na Fadhili William kutoka Nairobi. Yeye na wenzake walitumwa sukari. Walinunua robo, wakarudi kununua robo nyingine, wakarudi tena, ili wimbo usiwapite. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Binti yake, mwenye miaka hamsini na kitu, alikuwa anaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Mama zetu waliokulia pwani nao wana picha yao. Mwaka huo huo wa 1973 ilitoka Bobby ya Raj Kapoor. Rishi Kapoor yuko juu ya pikipiki, Dimple Kapadia amekaa nyuma, na wazazi hawataki. Ilipendwa sana huku kwetu. Mombasa na Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mabuibui yamejaa ukumbi mzima, na nyimbo zikahifadhiwa kichwani bila kujua neno la Kihindi. Tanga nako, vikundi vya taarabu kama Black Star na Lucky Star vilitia gitaa za umeme, na wasichana wakasikia mapigo mapya bila kutoka katika baraza la mama zao.

Hatusemi kila kilichochezwa enzi hizo kilikuwa sawa. Mipaka tunaijua, na wao waliijua kuliko sisi. Lakini heshima si kufuta. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, mwenyewe ndiye aliyetusimulia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkinga kwa joho lake akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, na hakumharakisha mpaka alipotosheka. Akatuusia tuthamini hamu ya msichana mdogo kwa mchezo. Mama wa waumini hakuona aibu kusema kwamba aliwahi kuwa msichana.

Kwa nini tunakuambia haya wewe bi harusi? Kwa sababu wiki hizi utapewa maelekezo mengi: namna ya kupika, kunyamaza, kujifukiza udi. Ni mazuri, yashike. Lakini siku utakapolia ndani ya nyumba mpya, utahitaji kujua kwamba mama naye alikuwa na moyo wa miaka ishirini na akavuka. Mwaka jana tulimzika jirani yetu. Kwenye hitima watoto wake walitaja uvumilivu wake na mapishi yake. Tulipouliza alipenda nini kabla ya kuwa mama yao, walitazamana.

Kabla ya nikaha, mkae na mama, bibi au shangazi, chai iwepo, simu iwe mbali. Muulize:

- Ulipokuwa na umri wangu, wimbo gani ulikufanya usimame?
- Safari yako ya kwanza ya mbali ilikuwa kwenda wapi, na ulipanda nini?
- Rafiki yako wa karibu alikuwa nani, naye yuko wapi leo?
- Usiku wa kuamkia harusi yako uliogopa nini?

Akikataa swali moja, liache. Akijibu, andika kwenye daftari na umwekee mwanao.

Allah awape mabibi harusi wetu wote nyumba zenye utulivu, na awape mama zetu umri wenye afya mpaka watusimulie zote. Amin.